Kwa katekista mpya: kabla hujaandika amri kumi ubaoni

Darasa langu la kwanza la wakatekumeni, watu wanaojiandaa kubatizwa, nililianza kwa chaki. Ilikuwa mwaka 1998, kwenye kigango chenye paa la bati na sakafu ya udongo, huku milimani Umatengo. Nilikuwa nimetoka mafunzoni na daftari limejaa. Nikaandika amri kumi ubaoni, nikachora mstari katikati, na upande wa pili nikapanga dhambi zinazoangukia kila amri, kubwa juu, ndogo chini. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri na nilijisikia mwalimu kwelikweli. Walikuwa watu wazima kumi na mmoja. Wiki ya tatu niliwahesabu saba.

Mmoja wa wale wanne nilimkuta shambani kwake akichimba ngoro. Kwa asiyepajua kwetu, ngoro ni mashimo tunayoyapanga ubavuni mwa mlima, majani yakafukiwa kwenye kingo zake, ili mvua isiondoke na udongo. Nilimuuliza mbona haonekani siku hizi. Hakuacha jembe. "Mwalimu," alisema, "umenisomea deni wiki tatu. Hujaniambia bado anayenidai ni mtu wa namna gani."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilikaa miaka kabla ya kukubali kwamba siku ile yule mzee ndiye aliyekuwa mwalimu.

Ninyi mnaoanza kazi hii mwaka huu mmepewa kitabu, mmepewa ratiba, na wengine mmepewa pikipiki ya kugombania na katibu wa parokia. Haya ninayoandika hayamo kitabuni, au yamo na mimi sikuyaona mpaka nilipogonga mwamba. Mtu hatubu kwa sababu amefundishwa dhambi zake. Dhambi zake anazijua, tena kwa tarehe. Anatubu akishaamini kwamba yupo wa kumpokea. Kwa hiyo anza na Baba. Ubao utasubiri.

Kama unadhani hili ni wazo langu, ichukue sala ya kutubu, ile ambayo watoto wa komunyo ya kwanza wanaikariri mpaka inakuwa kama wimbo wa kuruka kamba. Isome polepole, kama mtu asiyeijua. Anatubu, halafu anatoa sababu: "kwani ndiwe mwema, ndiwe mwenye kupendeza." Baada ya "kwani" mimi siku zote nilisikia moto, ingawa moto haumo. Nilikuwa naisali tangu nina miaka tisa na nilikuwa katekista wa mwaka wa sita siku nilipoisikia. Tangu siku hiyo nikiwafundisha watoto nawasimamisha kwenye neno "kwani" na kuwauliza, kwani nini? Wengi wanajibu: kwani tutachapwa.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyenionya. Ukiingia darasani hukuti vichwa vitupu. Katekisimu nyingine imekutangulia, nayo imekaa kwenye methali. Watu wetu walifundishwa habari za Mungu na bibi zao jikoni, kwa maneno matamu yasiyosahaulika, na wewe unakuja na daftari. "Malipo ni hapahapa duniani." "Mungu si Athumani." Na angalieni hiyo ya pili inasemwa lini: jirani mbaya anapovunjika mguu. Sijawahi kusikia mtu akisema Mungu si Athumani pale mwizi aliposamehewa, ingawa maneno yenyewe yangefaa zaidi hapo, maana Athumani kweli asingesamehe.

Halafu kuna inayotusumbua kuliko zote: "Kosa si kosa, kosa kurudia kosa." Ni nzuri kwa kulea watoto na kufundisha udereva. Lakini mtu anayepambana na pombe, au mama anayeungama hasira ileile kila Kwaresima, anaisikia kichwani akiwa kwenye foleni ya kitubio, na anachomoka kwenye foleni. Wewe utadhani amekwenda kujisaidia. Hakurudi.

Msipigane na methali kwa kuzikataza. Ziwekeni mezani. Mimi naandika hiyo ubaoni (ndiyo, ubao bado ninao) na pembeni yake naandika swali la Petro, kama kumsamehe ndugu mara saba kunatosha. Petro alidhani ametaja namba kubwa. Jibu alilopewa, saba mara sabini, nawaachia watoto wa darasa la nne wapige hesabu: 490. Kisha nauliza, kama Yesu anamtaka mvuvi asamehe hivyo, Baba yake mwenyewe ataishia ngapi? Papa Fransisko, siku nne tu baada ya kuchaguliwa, tarehe 17 Machi 2013, alisema dirishani pale Roma kwamba Mungu hachoki kusamehe, sisi ndio tunaochoka kuomba msamaha. Nililiandika neno hilo kwenye kipande cha boksi nikakibandika juu ya mlango wa sakristia. Mchwa wamekila upande mmoja lakini kinasomeka.

Na methali zenyewe haziko upande mmoja. "Kosa moja haliachi mke." Ukiitaja hiyo wanaume wanacheka, na wanawake wanauliza, na la pili je? Hapo usiseme kitu. Somo limeshaanza lenyewe.

Siku hizi somo langu la kwanza ni Luka 15, mwana aliyepotea. Silihubiri. Nalisoma taratibu halafu nauliza maswali ya mkulima. La kwanza: kule kwa nguruwe kijana aliandaa maneno mangapi ya kumwambia baba yake? Wanahesabu. Matatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Haya, alipofika nyumbani alisema mangapi? Wanafungua tena, wananong'onezana, mpaka mmoja anasema kwa wasiwasi: mawili. La tatu halimo. Baba ameshaagiza vazi. Nawaacha wabishane kama kijana alisahau au alikatizwa. Mama mmoja alisema hakusahau wala hakukatizwa, ila alikuwa amebanwa kifuani mwa baba yake na sauti haitoki. Nilimsimulia padre wetu, akacheka sana, akasema katika vitabu vyote alivyosomeshwa seminarini hilo hakulikuta.

Ukiwa hapo, usiyaruke maneno "alipokuwa angali mbali". Baba alimwona angali mbali, akaenda mbio. Msamaha ulianza kutembea kabla ya maungamo kusemwa. Papa Fransisko huyohuyo alipotangaza Mwaka wa Huruma, mlango mtakatifu wa kwanza, ule wanaopitia mahujaji kuomba rehema, hakuufungua Roma. Aliufungua Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, tarehe 29 Novemba 2015, siku tisa kabla ya ule wa Roma, nchi ile ikiwa katika vita. Nawaambia wakatekumeni, angeweza kusubiri waache kupigana kwanza.

Swali la pili ndilo linalowasha moto darasani: yule ndama alikuwa wa nani? Urithi ulishagawanywa. Mdogo alichukua chake akakitapanya. Kilichobaki ni cha kaka mkubwa, na baba mwenyewe anakiri: "vyote nilivyo navyo ni vyako." Basi ndama aliyenona katoka zizi la nani? Darasa zima la wakulima wa kahawa na mahindi linasimama upande wa kaka, bila aibu yoyote. Msiwakemee. Wameona jambo ambalo wahubiri wengi wanalipita. Mungu akimsamehe ndugu yako, kuna ndama wako anachinjwa. Afadhali walijue hilo darasani kuliko kwenye jumuiya.

Sisi tulilijulia kwenye jumuiya. Mweka hazina wetu mmoja alikula shilingi 180,000 tulizochanga kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mjane. Mjane alikaa masika nzima chini ya turubai. Mambo yalipojulikana, yule bwana hakukimbia kijiji. Aliungama, kisha akasimama mbele yetu akasema amekula na atalipa. Alilipa kwa misimu miwili ya kahawa, 100,000 ya kwanza na 80,000 ya pili. Zakayo alirudisha mara nne, najua, lakini Zakayo alikuwa tajiri.

Sala ya jumuiya kwetu inazunguka nyumba kwa nyumba. Zamu yake ilipofika, alikuwa bado hajamaliza deni. Alikopa vigoda kwa majirani, akafagia uwanja, akawasha mshumaa. Hakuna aliyekwenda. Mimi katekista wao, niliyefundisha Luka 15 mwezi uleule, siku ile niliumwa kwa makusudi. Baadaye nilisikia kutoka kwa binti yake kwamba walisali rozari nzima, baba, mama na watoto watatu, katikati ya vigoda vitupu kumi na vinne, na baba hakukubali virudishwe mpaka walipomaliza litania.

Zamu yake ilipozunguka tena, yule mjane alikwenda, mapema kuliko mtu yeyote, akakaa kwenye kigoda cha mbele. Tukaenda wote. Sitawaambia tulikwenda kwa upendo. Tulikwenda kwa aibu, na Mungu naona aliipokea hivyohivyo.

Mfuko wa jumuiya yule bwana hakurudishiwa, hadi leo, na mimi nakubaliana na uamuzi huo. Naye mwenyewe hautaki. Katekista kijana akisikia "msamaha" anadhani lazima kila kitu kirudi kama kilivyokuwa, funguo, cheo na mfuko, la sivyo hatujasamehe. Hapana. Aliyekuwa mlevi humpi ufunguo wa ghala la divai ili kumthibitishia kwamba unamwamini. Unampa kigoda. Huyu bwana sasa ndiye anayeanzisha nyimbo, na ana sauti ambayo kwa miaka yote ya kuhesabu hela hatukuwahi kuisikia.

Hapohapo niseme la hatari, kwa sababu nimeliona likifanywa na watu wa kanisa wenye nia njema. Mwanamke anakuja amepigwa, jicho limevimba, na mzee mmoja anamfungulia Biblia kwenye "samehe" na kumrudisha nyumbani jioni hiyohiyo. Msifanye hivyo. Huruma ya Mungu si kamba ya kumfungia mtu kwenye nyumba inayomuumiza. Mtafutieni mahali salama pa kulala, mpelekeni hospitali, mpelekeni kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, na msindikizeni ninyi wenyewe maana peke yake ataogopa. Msamaha ataufikia kwa mwendo wake na Mungu wake, akiwa salama. Anayepaswa kuhimizwa kutubu usiku huo ni mwingine, na anajulikana anakonywea.

Watu watawaambia mambo. Ninyi si mapadre, hamuwezi kuondolea dhambi, lakini watawasimulia njiani, kisimani, msibani, kwa sababu mnakaa nao na mnaongea lugha yao. Siri ya maungamo inamfunga padre, na sheria ya Kanisa inamfunga hata mkalimani anapotumika. Niliwahi kutumika hivyo, padre mgeni hajui Kimatengo na mzee mgonjwa Kiswahili kimemtoka. Yaliyosemwa siku ile nimeyazika. Yanayosemwa nje ya kitubio hayana sheria kali kiasi hicho, lakini kijijini hakuna anayejua tofauti. Ukivujisha neno moja, hata kwa mkeo, hata bila jina, watu wataacha kukusogelea wewe, na wataacha kumsogelea padre pia.

Bibi ninayemsimulia sasa alisimulia mwenyewe mbele ya jumuiya nzima, na ameshatangulia mbele ya haki. Kwa miaka zaidi ya thelathini aliungama dhambi moja kila Pasaka. Mumewe alikuwa ameuza kipande cha shamba la kahawa bila kumwambia, wakanuniana, na katika kununiana huko mume akaugua. Usiku mmoja aliita maji. Bibi alisikia vizuri. Akavuta kanga akajifunika kichwa. Asubuhi mume hakuwepo duniani.

Nilimuuliza, "Bibi, padre alikuambiaje?"

"Kwamba Mungu amenisamehe."

"Basi?"

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Padre hakumjua mume wangu."

Nilimpa maandiko yote niliyokuwa nayo. Zaburi ya 103, mashariki ilivyo mbali na magharibi. Barua ya kwanza ya Yohana, kwamba mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu. Aliitikia amina kwa kila andiko, kwa adabu, na Pasaka iliyofuata akarudi na neno lilelile. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba anabisha habari za Mungu. Hakuwa anabisha. Alikuwa na neno lake na mtu mwingine, na mtu huyo yuko kaburini.

Aliyemfungua alikuwa padre kijana aliyekaa kwetu miezi michache tu. Badala ya Salamu Maria kumi alizozizoea, alimpa malipizi ambayo bibi alikuja kuniuliza kama yanaruhusiwa: aende kaburini kwa mumewe na maji, ampashe habari za nyumbani. Mimi nikashtuka kidogo. Maji kaburini, watu wakiona watasema bibi kaanza matambiko. Bibi akanitoa wasiwasi, maji ni ya kumwagilia maua, mwalimu, na maua nitapanda. Akaenda. Akang'oa majani, akafagia, akapanda, akamwagilia, akakaa chini na kumsimulia: nani kaoa, nani kafa, mjukuu yupi kafaulu, bei ya kahawa imeshuka tena, bati la jikoni linavuja. "Halafu nikamwambia na lile," alisema.

Pasaka iliyofuata aliingia kwenye kitubio akatoka mapema kiasi kwamba sisi tuliokuwa kwenye foleni tuliangaliana.

Sisemi mwige malipizi hayo; malipizi ni ya padre. Ninachowaomba ni kwamba mtu akishindwa kuamini msamaha, usiongeze sauti. Muulize kwanza ni nani hasa anayemwona akifunga macho.

Kuna swali jingine ambalo halitakukuta darasani. Litakukuta msibani, saa nane usiku, mbele ya moto: "Mwalimu, Mungu ananilipizia nini?" Mtu ameungama, amesamehewa, ameishi vizuri miaka kumi, kisha mtoto anakufa kwa homa ya siku mbili, na papo hapo hesabu zote za zamani zinarudi mezani. Mimba ya usichana, mume wa mtu, kiapo kilichovunjwa. Na pembeni kuna shangazi anayenong'ona, malipo ni hapahapa. Mara ya kwanza nilipoulizwa hivyo nilitoa hotuba ndefu juu ya Ayubu. Msinicheke, mtajikuta mnafanya vivyo hivyo. Baadaye nilisoma vizuri nikaona rafiki zake Ayubu walifanya kazi nzuri siku saba walipokaa chini naye bila kusema neno. Mambo yaliharibika walipofungua mdomo.

Sasa nikifika msibani nabeba kuni. Nakaa. Akiniuliza, namjibu jibu moja fupi: hapana, hakulipizii. Yesu aliulizwa swali hilohilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, akakataa yote mawili. Akatajiwa Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akaongeza wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wabaya kuliko wengine wote wa Yerusalemu, na jibu lake lilikuwa hapana. Hayo siyasemi usiku wa msiba. Usiku wa msiba "hapana" inatosha.

Wiki kadhaa zikipita, akija mwenyewe, ndipo tunafungua Isaya 49, pale Mungu anapouliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye. "Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Na kama ni mtu wa kupenda maneno, namwambia kwamba rehema, neno tulilolipata kwa Waarabu, mzizi wake ni mmoja na neno lao la tumbo la uzazi, na Kiebrania cha manabii nacho kina maneno hayo mawili yakiwa ndugu hivyohivyo. Mama aliyezika mtoto hahitaji somo hilo lifafanuliwe. Wanaume ndio wanaohitaji dakika kumi zaidi.

Juu ya wanaoishi bila ndoa ya Kanisa, ambao hawakomuniki, sitasema mengi. Paroko wenu atawapa utaratibu, na kila kesi ina mambo yake. Lakini lugha yenu iangalieni. "Amezuiliwa sakramenti" kijijini inafika masikioni kama "Mungu amemfukuza." Mwiteni kwenye sala. Mwachieni zamu ya kufagia kanisa na kupamba altare kama wengine. Na ulizeni kwa upole kinachozuia ndoa, kwa sababu nusu ya wale niliowauliza mimi hawakuwa na kizuizi chochote cha sheria ya Kanisa. Walikuwa na mahari isiyokwisha na aibu ya kufunga ndoa bila sherehe. Hayo yanatatulika kwa mkutano mmoja wa wazee na sufuria ya wali.

Sasa mambo ya siku yenyewe. Padre atakuja kabla ya Pasaka, katikati ya mvua, pikipiki imejaa tope, na atakuwa na saa mbili kwa watu zaidi ya mia. Foleni itakuwa ndefu kwa sababu watu wetu wameikamata amri ya kuungama walau mara moja kwa mwaka, agizo la Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, wakashika "mara moja" na kuliacha "walau". Pangeni benchi kwa ajili ya wazee. Foleni ikae mbali, mtu asisikie. Mvua ikipiga bati mshukuruni Mungu, hakuna atakayesikia kitu. Siku ya jua imbisheni nyimbo za Kwaresima, zile ndefu. Wazee wengi hawaogopi dhambi zao kama wanavyoogopa kusahau maneno ya kuanzia. Waambieni padre atawasaidia, na kwamba akishasema "nami nakuondolea dhambi zako" kazi imekwisha hata kama wao walichanganya sala. Msiandike majina ya walioungama, hata mwenyekiti wa halmashauri ya walei akiomba orodha. Msikae mlangoni mkiangalia nani ametoka analia.

Na ninyi wenyewe muungame, kwenye foleni hiyohiyo. Miaka ya mwanzo nilikuwa naungama parokiani, kilomita kumi na nne, ili wanafunzi wangu wasinione. Sasa nasimama pale nilipofika, si wa kwanza wala si wa mwisho. Mwaka jana mbele yangu alikuwa yule mweka hazina wa zamani, nyuma yangu watoto wa kipaimara wakisukumana. Mvua ilikuwa nzito. Zamu yake ilipokaribia aligeuka, akaangalia suruali yake iliyolowa tope magotini, akaniuliza kama nina leso ya kutandika, asije akachafua pale pa kupigia magoti.

Nilikuwa nayo. Aliponirudishia ilikuwa tope tupu, nikaikunjua, nikaigeuza upande wa pili, nikaingia nayo.